Shingo ya twiga imelala, simba anatoka jasho: gampesti ya keki ya mtoto kwa hewa ya pwani

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga: "Mwanangu anatimiza miaka minne Jumamosi ya wiki ijayo. Anataka twiga, simba na namba 4 juu ya keki. Nimejaribu mara mbili kwa fondanti ya dukani. Twiga wa kusimama alikaa saa moja tu, shingo ikalala mgongoni. Simba nilimweka friji, alipotoka alikuwa amelowa kama aliyenyeshewa. Namba nayo ilijikunja, nilipoinyoosha ikapasuka. Nakosea wapi? Keki yenyewe napaka krimu ya kupigwa."

Dada, mkono wako hauna shida. Shida ni donge ulilotumia. Fondanti ya dukani, lile donge la sukari la kufunikia keki, imetengenezwa isikauke. Ndani yake mna glukosi na gliserini, na kazi ya vitu hivyo ni kushika maji ili ile ngozi ya keki ibaki laini hata ikikatwa siku ya tatu. Ukiisimamisha iwe shingo yenye kichwa juu yake, kwenye hewa ya Tanga ambayo nayo imejaa unyevu, inaendelea kunywa maji badala ya kuyatoa. Lazima ilale.

Gampesti inafanya kinyume chake. Ni ute wa yai, sukari ya unga, mafuta kidogo na CMC, unga mweupe unaotokana na nyuzi za mimea. Kwenye maandishi ya pakiti CMC huitwa E466, na maduka ya vifaa vya keki huiuza kwenye vikopo vidogo, mara nyingine kwa jina la Tylose. Ikikutana na maji inavimba na kufungamana. Maji yakishaondoka inabaki ngumu kama kigae. Gampesti yenyewe inasukumika hadi milimita 1 bila kuchanika. Ubaya wake ni huo huo wa kukauka upesi: ukifinyanga mnyama mnene kwa gampesti tupu, nje inakauka wakati ndani bado mbichi, na mgongo unapasuka.

Kwa hiyo usitumie donge moja kwa kila kitu. Namba 4, manyoya ya shingoni mwa simba, masikio na madoa ya twiga yawe gampesti tupu. Miili, vichwa na miguu, changanya gampesti na ile fondanti uliyobaki nayo, nusu kwa nusu. Shingo ya twiga ipe sehemu mbili za gampesti kwa moja ya fondanti.

Vipimo vya donge moja la gampesti, linalotosha kazi yako yote na kubaki kidogo: ute wa yai gramu 30, sukari ya unga gramu 180 hadi 190, CMC gramu 9 (vijiko vitatu vya chai vilivyofutwa juu), na mafuta meupe ya mgando kijiko kimoja cha chai. Kama huna mizani ya gramu, azima. Ute wa yai moja unaweza kuwa gramu 25 au 40, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu aseme "mapishi haya hayafai". Mafuta yawe meupe kama Kimbo. Usitumie majarini: ina maji, chumvi na rangi ya njano, na yote matatu yataonekana kwenye kazi.

Kuhusu ute wenyewe. Hii ni keki ya watoto, na gampesti haipikwi. Kukauka hakuui vijidudu vya salmonela. Tafuta unga wa ute wa yai, ule uliokwisha kupashwa joto kiwandani: vijiko viwili vya chai vilivyofutwa, karibu gramu 4, kwa vijiko viwili vikubwa vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Koroga, acha dakika 20, chuja, kisha pima gramu 30. Ukiukosa, au kama kuna mtoto kwenye sherehe anayedhurika na mayai, acha gampesti ya yai kabisa. Soma kwanza viambato vya fondanti yako, kisha chukua gramu 250 za fondanti hiyo, kanda ndani yake vijiko viwili vya chai vya CMC, funga, acha usiku kucha. Haitakuwa ngumu kama gampesti halisi, itachukua siku mbili zaidi kukauka, lakini itasimama. Hapo hapo angalia kama fondanti ina jelatini, na ni ya mnyama gani, maana wageni wa Tanga watauliza. CMC yenyewe haina neno, ni ya mimea.

Sukari ya unga ichekeche kwa chujio la chai. Sukari ya kawaida uliyoisaga kwa blenda haifai hata ukiisaga mara tatu; chembe zake hubaki kubwa, na donge litakatika kama ugali uliokosa maji. Weka gramu 30 za sukari pembeni. Zilizobaki tia kidogo kidogo kwenye ute huku unapiga kwa mashine, mwendo wa chini, dakika mbili hivi, mpaka upate uji mzito unaong'aa, ambao ukiinua mchapo ncha yake inajikunja. Sasa nyunyiza CMC kama unavyonyunyiza chumvi, mashine ikiendelea kuzunguka. Ukiimwaga yote pamoja itafanya vidonge vya utelezi ambavyo havitoki tena. Ndani ya nusu dakika uji utakuwa mzito na kuanza kukwama. Umimine juu ya ile sukari iliyobaki, jipake mafuta viganjani, kanda. Lifinye kwa vidole viwili kisha achia: vidole vikitoka safi, limefika. Likinata, ongeza sukari kijiko kimoja kimoja.

Lipake mafuta kwa juu, lifunge kwa nailoni ya chakula mara mbili, litie kwenye chombo chenye mfuniko, liingie friji saa 24. Watu wengi huruka hatua hii. CMC inahitaji saa nyingi kunywa maji ya donge. Kabla ya hapo gampesti inavutika kama bazoka au inameguka, na mtu huongeza CMC nyingine akidhani haikutosha. Kesho yake inajikuta ngumu na yenye nyufa. Siku ya pili toa donge, liache lirudi joto la chumba likiwa bado limefungwa, kata kipande, kikande na mafuta kidogo. Kikivutwa kiwe kinanyooka kidogo ndipo kikatike.

Rangi iwe ya jeli au ya unga. Ile ya maji ya kwenye vichupa vidogo inalegeza kila kitu. Chovya kijiti cha meno, paka, kanda, kisha funga na usubiri saa kadhaa, kwa sababu rangi huendelea kukolea. Njano ya twiga itakayoonekana hafifu jioni, asubuhi inaweza kuwa imefika. Kahawia na nyeusi zinataka rangi nyingi, na rangi nyingi hulainisha donge na kuleta uchungu. Hapo ongeza sukari na chembe ya CMC. Kwa bahati nyeusi unaihitaji kwa macho tu. Zambarau na waridi, kama utaziweka kwenye namba, zifiche mbali na dirisha: waridi hupauka kwa mwanga, na zambarau iliyopoteza waridi yake hugeuka bluu.

Tuje kwa twiga. Usimsimamishe. Twiga wa sukari mwenye miguu minne myembamba ni kazi ya mtu mwenye waya na mazoezi, na waya kwenye keki ya mtoto wa miaka minne haifai. Mkalishe kitako, miguu mbele. Hivyo ana tako pana la kumshikilia na mtoto atampenda zaidi, maana uso wake unaonekana.

Anza na shingo, kabla ya mwili. Pima gramu 12 za mchanganyiko wa sehemu mbili kwa moja, viringisha uwe mchi wa sentimita 5, unene wa sentimita 1.5, chini mnene kuliko juu. Chukua spageti mbichi mbili, zikate sentimita 9, zichovye gundi, zipitishe katikati ya shingo ukizizungusha taratibu kama keekee, zitokeze sentimita 2 kila upande. Spageti mbili, kwa sababu moja humfanya twiga azungushe kichwa kama bundi. Na iwe spageti, isiwe kijiti cha meno: mtoto akiuma kichwa kabla hujamwahi, atauma tambi tu. Laza shingo, acha siku mbili, igeuze kila baada ya nusu siku. Tengeneza na ya pili, ya akiba.

Gundi ni robo kijiko cha chai cha CMC ndani ya vijiko viwili vikubwa vya maji ya vuguvugu. Itaonekana imefanya madonge. Iache usiku kucha, asubuhi ni safi kama ute. Ipake nyembamba kwa brashi, subiri kama dakika moja mpaka ianze kunata, ndipo uunganishe. Gundi nyingi ndiyo inayofanya mguu uteleze na kushuka.

Mwili gramu 45, umbo la pea, kimo cha sentimita 5. Uviringishe kwanza uwe mpira laini kabisa usio na mstari hata mmoja, ndipo uuchongoe. Ufa ulioufunika sasa utafunguka kesho. Ukiona ngozi imeanza kuwa na magaga kama kisigino, donge limekaa wazi mno. Paka mafuta kidogo kwa ncha ya kidole, sugua kwa mzunguko, magaga yatafunga. Usiweke maji. Maji yanayeyusha sukari ya juu, yanaacha doa linalong'aa, na chini yake pale pale ndipo patakapopasuka. Kwa spageti nyingine toboa matundu mawili juu ya mwili, kina cha sentimita 2, mwili ungali mbichi, kisha uache ukauke siku nzima. Miguu gramu 5 kila mmoja, minne. Kichwa gramu 10, mpira uliobanwa kidogo katikati ili pua itokeze. Pembe ni vipande viwili vya spageti vya sentimita 1 vyenye vidonge vya kahawia kwenye ncha.

Mwili ukishashika, ingiza shingo kavu kwenye matundu kwa gundi nzito. Gundi ile ya maji haishiki kavu kwa kavu. Ponda kipande cha gampesti cha ukubwa wa njegere na matone machache ya gundi mpaka kiwe kama dawa ya meno. Hiyo ndiyo saruji yako. Egemeza shingo kwenye glasi iliyoviringishiwa karatasi laini, iache usiku kucha, kichwa kije kesho yake. Ukiunganisha kichwa, shingo na mwili siku moja, vyote vibichi, utarudi pale pale ulipoanzia.

Madoa usiyachore kwa rangi yenye maji. Sukuma gampesti ya kahawia milimita 1, kata kwa mrija wa soda, bana kila duara kidogo liwe na pembe, bandika. Simba ni rahisi zaidi: mwili na miguu kwa vipimo vilevile, kichwa gramu 15, bila shingo. Manyoya ni duara la gampesti la sentimita 5, unene wa milimita 2, lililokatwa pembeni kwa mkasi kama pindo la mkeka, kisha kila upande ukanyanyuliwa kidogo kwa kijiti. Yaache yakauke saa tatu ndani ya kijiko cha upawa yapate kuinama mbele kidogo, ndipo uyabandike nyuma ya kichwa.

Namba yako ilijikunja kwa sababu ilikaukia juu ya sahani. Upande wa juu ulipata hewa ukasinyaa, wa chini ukabaki na unyevu, ncha zikainuka. Sukuma gampesti unene wa milimita 5, ukitumia konfulawa kidogo kwenye kibao, ninasema konfulawa, si sembe. Weka juu yake namba uliyoikata kwenye karatasi ngumu, urefu wa sentimita 10, fuata ukingo kwa kisu chembamba ukikandamiza kutoka juu kwenda chini. Ukikiburuta kisu, pembe za 4 zitavutika. Ule mguu wa chini wa 4 ndio dhaifu: uache na upana wa sentimita 2 angalau. Kama utaisimamisha, chomeka spageti tatu kutokea chini sasa hivi, ikiwa mbichi, zizame sentimita 4 na zitokeze 4. Kisha ilaze kwenye ungo uliotandikwa karatasi ya kuokea, ungo ukiwa juu ya vikombe vinne ili hewa ipite chini. Igeuze baada ya saa tano, halafu kila asubuhi na jioni, kwa siku nne. Trei ya mayai, ambayo wengi huitumia kukaushia maua, iache. Ganda la yai bichi huchafua trei.

Kukausha kwenyewe kunataka feni, si jua wala oveni. Jua linapausha, oveni inaivisha nje na kupasua. Kama kuna chumba chenye kiyoyozi, hapo ndipo pake. Masika, hewa ikiwa nzito kiasi cha chumvi kulowa kwenye kopo, ongeza siku mbili kwenye kila hesabu niliyokupa. Kitu kikishakauka kabisa, yaani ukikigonga kwa ukucha kinalia na hakina ubaridi kwenye midomo, kiweke kwenye boksi la karatasi pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye viatu, ukiwa umevitenga ndani ya kikombe na umehakikisha havijachanika. Usifungie vitu ambavyo bado ni vibichi ndani ya plastiki, vitajinyeshea wenyewe. Boksi liweke juu ya bakuli lililopinduliwa katikati ya sinia yenye maji, la sivyo sisimizi watasherehekea kabla ya mtoto. Na kabati lenye nafthalini si mahali pake, sukari hubeba harufu.

Ukianza kuchanganya Alhamisi hii, una siku tisa na zinatosha. Ijumaa rangi, shingo na namba. Jumamosi miili, Jumapili miguu na kuunganisha shingo, Jumatatu vichwa na manyoya, Jumanne macho na madoa. Jumatano hadi Ijumaa ni za kukauka, usishike kitu isipokuwa kugeuza namba.

Friji ndiyo iliyomlowesha simba wako. Kitu baridi kikitoka kwenye hewa ya unyevu, hewa inaacha maji juu yake, kama chupa ya soda. Mapambo yasiingie friji kamwe. Keki yako ya krimu lazima iingie, kwa hiyo iweke ikiwa ndani ya boksi, na mapambo yapandishwe kwenye ukumbi, nusu saa kabla ya kukata, si kabla. Krimu ya kupigwa ina maji mengi, itaanza kula tako la twiga mara tu vikigusana. Yeyusha chokoleti nyeupe, paka chini ya kila mnyama tabaka mbili, na zile spageti za namba zipake pia zisilegee. Halafu kila mnyama akae juu ya biskuti, naye asikalie krimu moja kwa moja. Kama bado hujaamua, ningekushauri uachane na krimu ya kupigwa na upake krimu ya siagi: mafuta yake hayashambulii sukari, na hiyo itakupa saa kadhaa badala ya nusu.

Neno kuhusu ule unga wa kung'arisha, dhahabu na fedha, ambao muuzaji atakuonyesha. Angalia pakiti: iandikwe kuwa unaliwa, na iwe na orodha ya viambato. Maneno kwamba "hauna sumu" peke yake hayatoshi. Kuna unga wa mapambo usiotengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Mwaka 2018, jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya sherehe ya kuzaliwa iliyopakwa rangi ya dhahabu yenye wekundu. Ule unga wa kung'arisha ulikuwa shaba. Taarifa hiyo ilitolewa na taasisi ya afya ya nchi hiyo, CDC, mwaka 2021. Simba wa njano asiye na mng'ao bado ni simba.

Na ijapokuwa gampesti inaliwa, haina ladha ya kusifia na ni ngumu kama chaki. Ondoa wanyama kabla kisu hakijagusa keki, toa macho na pembe, mkabidhi mwenye sherehe twiga wake. Vidonge vya macho na vya pembe ni vya ukubwa unaoziba koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kwenye sherehe ya miaka minne wadogo zao huwa wamo.

Siku yenyewe chukua na akiba: ile shingo ya pili, kipande cha gampesti ya njano kilichofungwa, kichupa cha gundi na brashi. Wanyama wasafiri kwenye boksi lao, wamelala juu ya pamba iliyofunikwa karatasi laini, na namba iwe bapa chini kabisa. Shingo ikivunjika njiani, usijaribu kuunga ufa. Chomoa yote, safisha matundu kwa spageti kavu, ingiza ya akiba kwa gundi nzito, mwegemeze dakika 20 na umfunge skafu nyembamba ya gampesti pale maungio yanapoonekana.